Masika ya Samaki wa Baba

Machi 9

Kaka alisema wiki moja. "Njoo wiki moja tu, mdogo wangu, mimi nimebanwa kila upande." Kabanwa na nini, hakusema. Nimefika leo mchana, mvua ikinisindikiza kutoka stendi mpaka mlangoni, nikakuta ameshaondoka. Ufunguo kauacha kwa jirani.

Baba yuko sebuleni. Alipotoka hospitali kitanda chake kililetwa huko, maana chumba chake hakipitishi kiti cha magurudumu. Kiharusi kimemchukua upande wote wa kulia: mkono, mguu, nusu ya uso, na maneno. Nikasema shikamoo. Akainua mkono wa kushoto, na mimi, mjinga, nikaenda mbio nikidhani anataka nimshike. Wapi! Alikuwa ananionyesha ukutani, kwenye matangi yake ya samaki. Walikuwa na njaa.

Hatujaonana tangu mwaka juzi. Marahaba namsamehe, maneno hana. Lakini macho anayo, na macho yamenipita kama vile nimesimama mbele ya televisheni.

Machi 10

Nimefua mashuka. Hayakauki.

Machi 12

Niandike nijue nilipo. Matangi ya vioo ni sita, yamepangwa kwenye fremu ya chuma ukuta mzima, mkabala na kitanda. Kila moja lina sifongo ya kuchujia maji na mpira mwembamba unaoleta hewa kutoka kwenye pampu iliyo chini. Pampu inanguruma mchana kutwa. Ndani wanaishi furu. Furu ni ndugu wa sato, ila sato anaishia kwenye sufuria na furu huyu anaishia kwenye kioo, kwa sababu ya rangi. Dume ni bluu, kifua chekundu, mapezi ya njano, anajipitisha mbele ya majike kama bwana harusi asiyelipa ukumbi. Jike ni kijivu tu.

Nyumba nzima inanuka majimaji. Kuta zinatoka jasho. Baba ana kijiko cha chuma, anagonga nacho ubavu wa kitanda anapotaka kitu. Kugonga mara moja ni choo. Kugonga kwa fujo ni samaki. Anagonga kwa fujo zaidi.

Machi 13

Leo amekuja dada wa mazoezi ya viungo, yule anayetumwa na hospitali. Ni binti mdogo mfupi mwenye sauti ya gwaride, nimeshampa jina: Kamanda.

"Mzee, mkono juu! Juu! Huo si juu, huo ni usingizi!"

Baba akamtii. Alikuwa anatoa jasho, lakini alimtii. Kamanda alipomaliza akanivuta pembeni.

"Dada, anasikia kila kitu. Usije ukadhani hasikii."

"Najua."

"Na anaelewa. Maneno yapo, yamekwama tu njiani. Mzungumzishe."

Nikamwambia sawa. Sikumwambia kwamba hata njia ilipokuwa nyeupe hayakupita mengi. Baba alikuwa fundi saa. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye meza iliyokuwa pale dirishani, miwani ya jicho moja imemkaa usoni, na sisi watoto tulipita nyuma yake tukikanyaga kwa ncha za vidole. Skrubu ikidondoka kwa sababu yetu, tulijuta kuzaliwa.

Machi 16

Wiki imeisha. Nimempigia kaka. Simu inaita mpaka inachoka.

Machi 17

Bosi amepiga. Lifti ya wagonjwa kwenye hospitali tunayoihudumia imekwama tena kati ya ghorofa, na kijana aliyeshika nafasi yangu anabadilisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika. Nilimwelekeza kwa simu, nikiwa nimebeba beseni la mkojo mkono wa pili. Baba alikuwa ananitazama. Miaka yote hii natengeneza lifti. Jirani anajua, hata muuza vocha wa mtaa huu anajua. Baba akiulizwa alikuwa anasema, "Yuko huko, mambo ya umeme."

Machi 19

Leo naandika mpaka kalamu iishe wino.

Asubuhi, baada ya chai, kijiko kilianza. Sijawahi kukisikia vile. Nikaangalia shuka, kavu. Nikamgeuza, akanisukuma. Anaonyesha tangi la tatu. Nikaenda. Kulikuwa na jike mmoja kajibanza pembeni, hali, na shavu limevimba mpaka chini ya kidevu kama mtu aliyeficha pipi. Nikadhani anaumwa. Baba akawa anafumba mdomo wake, ile nusu inayofumba, anafumbua, anafumba, anaonyesha tangi tupu la mwisho. Nikaelewa kwamba anataka ahamishwe. Basi nikachukua kiwavu.

Hakuna aliyenifundisha. Yeye hawezi na mimi sikuwahi kuitwa nione. Nilimkimbiza yule jike tangi zima, dume akaingilia, mawe yakaanguka, kijiko kinapigwa nyuma yangu kama kengele ya moto, na nilipomtoa majini akatapatapa kwenye wavu, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Nilipomtua kwenye lile tangi tupu, shavu lilikuwa bapa.

Alimeza mayai. Furu jike hulea mayai mdomoni. Dume akishayarutubisha, jike anayaokota yote, anafunga mdomo, na hali chakula wiki tatu mpaka watoto waweze kuogelea. Akishtushwa, anameza. Haya nimeyajua jioni, kwa kusoma kwenye simu. Asubuhi nilijua kitu kimoja tu: kijiko kilinyamaza, nikageuka, nikamkuta baba analia.

Analia! Machozi ya kweli, jicho la kushoto na la kulia, mdomo umepinda, sauti inatoka kama mlango mbovu. Baba analia kwa ajili ya mayai ya samaki.

Nitasema kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Miaka sita iliyopita, masika kama haya, mama alikuwa amelazwa. Mimi nilikuwa naye. Asubuhi ile nilimpigia baba, nikamwambia njoo, hali si nzuri. Hospitali na nyumbani ni mwendo wa mtu kutembea huku akila karanga. Alifika mchana. Mama alikuwa ameshafunikwa. Baba alisimama mlangoni, mikono yake mirefu imening'inia, na ilikuwa inanuka maji ya tangi. Hakulia. Msibani mtu mmoja akaniambia, bila ubaya wowote, "Maskini mzee, siku ile alikuwa ana vifaranga wa kuhamisha, wangeliwa." Alidhani ananipa pole.

Kwa hiyo leo nilipoona machozi yale, sikumfuta. Nilimwacha nayo. Nilikwenda jikoni, nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Machi 20

Sikumsemesha. Nimemlisha, nimemwogesha, nimembadilisha. Kimya kimya. Tulikuwa tunafanana.

Machi 24

Kaka ametokea! Dakika za kuhesabika, viatu hakuvua, alisimama mlangoni na mwavuli unaochuruzika. Kaka ni mtu wa hotuba. Tangu utotoni tunamwita Mheshimiwa.

"Nashukuru sana kwa kujitoa kwako, mdogo wangu. Familia inakutegemea. Tuko pamoja."

"Pamoja wapi? Mimi niko hapa. Wewe uko wapi?"

"Mambo yamebana."

"Ingia basi umsalimie."

Akamsalimia baba kutoka pale pale mlangoni, kwa sauti kubwa kama anamwamkia kiziwi ng'ambo ya mto. Baba akainua mkono wa kushoto. Huyu aliinuliwa mkono kweli, si wa kuonyesha samaki. Mzaliwa wa kwanza. Kisha kaka akatazama saa yake, akaguna, akaondoka. Mimi ndiye nilibaki nikipangusa matope yake.

Machi 27

Mvua, mvua, mvua. Ndoo za uani zimejaa viluwiluwi vya mbu. Kwenye simu nimesoma kwamba samaki wanavipenda. Nimevichota kwa chujio la chai (nimeshanunua jingine) na kuwamwagia. Dume alikaribia kutoka nje ya tangi. Nyuma yangu nikasikia sauti. Baba alikuwa anacheka, au anakohoa. Sikugeuka kuangalia ni ipi.

Machi 31

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi jioni. Pampu ikifa, hewa inaisha majini, samaki wanapanda juu wote na kuanza kupumua kwa midomo ya duara. Nilikaa na kikombe, nachota na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, tangi hadi tangi, mpaka bega likawa si langu. Nilikuwa nawatukana. Niliwatukana samaki, nikamtukana kaka, nikalitukana shirika la umeme na kila aliyewahi kunituma popote. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hivyo sikujizuia sauti.

Baba alinisikia yote. Nilipokaa chini, akagonga kijiko taratibu, akaonyesha kikombe cha chai yake kilichokuwa bado kimejaa. Alinisogezea. Ilikuwa ya baridi. Niliinywa kwa hasira.

Kwa nini niliwaokoa, sijui. Ningekaa tu, mpaka jioni yote yangekuwa yamekwisha, na hakuna ambaye angenilaumu.

Aprili 3

Bosi anauliza narudi lini. Nimemwambia karibuni. Amesema hilo neno halimo kwenye kalenda.

Aprili 5

Jike mwingine kafunga mdomo.

Safari hii nilisoma kwanza. Nikazima taa, nikaleta kibakuli badala ya wavu, nikamsogeza polepole mpaka akaingia mwenyewe, nikamhamisha bila kutoka majini. Baba alikuwa ameshika kijiko hewani, hakukigonga. Jike aliposhuka ndani ya tangi lake, shavu limejaa vile vile, baba akashusha mkono kitandani. Akasema, "Nzu."

Ndilo neno la kwanza tangu nije. Nzuri, nadhani. Kalitoa kwa samaki, bila shaka.

Aprili 9

Kamanda anasema mkono unaanza kuitika. Anamfanya baba aseme a, e, i, o, u. Baba anaona haya mbele yangu. Nawapisha.

Aprili 14

Jike hali. Kila siku natupa chembe moja kuona, na kila siku anaiangalia na kuiacha ipite. Amekonda mgongo. Kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili. Anayazungusha mayai mdomoni kama mtu anayesukutua, ili yapate hewa. Nimemkalia muda mrefu leo. Mama alikuwa hivi. Sisemi mama alikuwa samaki. Nasema alikuwa anasukuma sahani yake upande wetu na kusema, "Mimi nimeonja jikoni."

Nimeondoka pale nikiwa nimekasirika, sijui na nani.

Aprili 18

Nimewapigia simu mara nyingi sana watu wawili: kaka, na kaka.

Aprili 26

Wametoka.

Nilikuwa nafagia. Baba hakugonga, aliita. "We!" Nikageuka. Jike alikuwa katikati ya tangi, mdomo wazi, na mbele ya uso wake kulikuwa na wingu la vitu vidogo vyenye macho. Kila kimoja kina mkia. Kila kimoja kinajua kuogelea, kana kwamba kilifundishwa mle ndani. Nikasogea karibu, kivuli changu kikaanguka kwenye kioo, na wote, wote, wakageuka na kumrudia mama yao mdomoni kama maji yanavyorudi kwenye bomba. Akafunga. Nikarudi nyuma. Baada ya muda akawatema tena.

Nilikuwa nimeshika fagio, nacheka. Baba naye. Mara hii niligeuka nikaona: alikuwa anacheka.

Nimewasagia kiini cha yai lililochemshwa. Baba alinionyesha kwa vidole kiasi gani: kidogo. Kidogo zaidi. Zaidi. Huyu mtu hajui siku yangu ya kuzaliwa, ila anajua punje ngapi za yai zinamtosha kifaranga wa saa moja.

Na bado nilicheka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Aprili 28

Bosi: Jumatatu ya tarehe kumi na nane Mei, la sivyo nisimlaumu. Nimempelekea kaka ujumbe. Ameusoma. Nimeona ameusoma.

Aprili 30

Leo mwandiko ni mbovu, naandika kwa hasira.

Kaka amekuja na pikapu. Na mtu. Yule mtu alikuwa na ndoo zenye vifuniko na mifuko ya plastiki, na viatu alivua mlangoni, jambo ambalo kaka hakulifanya. Ni mwenye duka la samaki wa mapambo, upande wa pili wa mji.

"Usianze," kaka akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Nimefikiria kwa niaba ya wote. Wewe unarudi kazini, mimi nimebanwa, samaki atawatunza nani? Huyu anachukua wote, na matangi. Sebule itakuwa na nafasi, tutaleta mtu wa kumwangalia mzee, atalala hapa."

"Wote nani?"

"Nini?"

"Umesema kwa niaba ya wote. Wote nani?"

"Familia."

"Familia ni mimi, na wewe, na huyo pale kitandani. Umemuuliza?"

Kaka akacheka kidogo, cheko la kikaoni. "Nimuulize vipi, na mtu hasemi?"

Alisema hivyo mbele yake. Hatua tatu kutoka kitandani kwake, kama anazungumzia kabati.

Mwenye duka akashusha ndoo. "Samahani, mimi niliambiwa mzee ameridhia."

"Ameridhia," kaka akasema, akainama, akachomoa waya wa pampu.

Ule mngurumo ukakatika. Sikuwahi kujua ni mkubwa kiasi gani mpaka ulipokoma. Ulipokoma tukasikia kijiko. Kaka hakugeuka. Alikuwa ameshafunua kifuniko cha tangi la mwisho, la yule jike na watoto wake, na akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na saa yake. Watoto wakamkimbilia mama yao mdomoni. Wamekua sasa, hawatoshi. Walioingia waliingia, waliobaki wakawa wanagonga kioo.

Niseme ukweli. Tangu Machi tisa nilikuwa naomba mtu aje ayaondoe yale matangi. Ningempigia magoti. Na pale mtu kaja, na ndoo, nikajikuta nimepita katikati, nimemsukuma kaka kifuani kwa mikono miwili, nimesimama mbele ya fremu nimetandaza mikono kama golikipa.

"Toa mkono wako humo! Toa! Umekuja hapa mara ngapi? Unajua anageuzwa upande gani usiku? Unajua anameza nini na nini kinamkwama? Hujui hata choo chake ni kijiko kimoja! Mtu haji kuona baba yake anakuja kubeba vitu vyake akiwa macho? Angalau msubiri afe, kama watu wenye adabu!"

"Wewe ndiye unawachukia hawa samaki kuliko—"

"Nawachukia! Ni wangu kuwachukia! Mimi ndiye niliyewachotea hewa kwa kikombe!"

Hapo tukasikia kishindo.

Baba alikuwa amejaribu kusimama. Tangu kiharusi hajawahi hata kukaa bila mto. Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na fremu, ubavu chini, mkono wa kushoto umeshika mguu wa fremu ile ya chuma, haachii. Kijiko bado kiko ndani ya kiganja hicho hicho.

Mwenye duka ndiye aliyewahi. Akapiga magoti, akasema, "Pole mzee, pole sana, hakuna kinachoondoka, nimekusikia," na mimi nikamshika mabega, tukamwinua tukamrudisha kitandani. Hajavunjika, Kamanda amekuja kumpima jioni, ni michubuko tu. Yule bwana akachomeka pampu yeye mwenyewe, akachukua ndoo zake. Mlangoni akaniambia, "Vifaranga hao msiwaweke na dume kabla hawajatimiza miezi miwili," akaenda zake kusimama kwenye mvua kando ya pikapu ambayo si yake.

Kaka alikuwa hajasogea. Amesimama, mkono unachuruzika, midomo imekuwa myeupe.

"Msaidie basi!" nikamwambia. "Umesimama kama nguzo!"

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kumshika." Na Mheshimiwa, mtu wa hotuba, akashindwa kumaliza. Alikaa chini sakafuni, na viatu vyake vya matope. "Unadhani nabanwa na nini? Nakuja. Kila wiki nakuja. Nafika pale kona, naliona paa, naegesha gari. Nakaa. Halafu nageuza. Siwezi kumwona vile, dada. Mdomo ule. Siwezi."

Kila wiki! Mimi huku nageuza mzigo peke yangu mpaka kiuno kinalia, na yeye yuko kona, ndani ya gari, na kipangusa kioo kinaenda huku na huku.

Nilitaka kumwonea huruma. Huruma haikuja. Nikamwambia, "Basi uoga wako njoo nao. Njoo nao humu ndani, uukalishe kwenye kiti, mimi nitaupa chai. Lakini usiniachie mimi baba kwa sababu wewe unaogopa. Mimi nani aliniuliza kama naogopa?"

Akaondoka. Baba alikuwa amefumba macho. Hakulala.

Mei 1

Leo nimemwambia. Kamanda alisema nimzungumzishe, haya, nimemzungumzisha.

Nilivuta kiti mpaka kitandani, nikazuia matangi kwa mwili wangu ili asiwe na pengine pa kutazama. Nikasema, "Baba, siku mama alipofariki nilikupigia simu asubuhi. Ulikuja mchana. Ulikuwa unahamisha vifaranga. Mama alikuuliza mara mbili, nikamwambia yuko njiani. Nilimdanganya mama kwa ajili yako, na hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu. Nimekuogesha mwezi mzima na nusu na kila siku nakuwa nataka kukuuliza. Nakuuliza. Samaki, baba? Samaki?"

Alinitazama. Safari hii macho hayakupita.

Akaanza kusukuma neno. "Ni." Akapumzika. "Ni... o." Nikadhani anataka kuoga. Nusura ninyanyuke kuleta maji, mazoea ni mabaya. Akanishika mkono wa nguo. "Ni-li. O. Go." Jasho linamtoka. "Pa."

Niliogopa.

Akaonyesha simu yangu mezani. Akaonyesha mlango. Akatikisa kichwa. Kisha akaonyesha matangi nyuma yangu, akafanya kidole chake kama anachota kimoja kimoja, polepole, kimoja kimoja, muda wote ule, asubuhi nzima, na machozi yakamtoka tena, yale yale niliyoyaona ya mayai. Sasa sina hakika tena yalikuwa ya mayai.

Nikamwambia, "Na mimi niliogopa! Nilikuwa na miaka thelathini na nne na niliogopa kama mtoto. Nilikaa. Mtu anaogopa na anakaa!"

"Naam," akasema. Wazi kabisa, bila kukwama.

Sikumkumbatia. Yule anayekumbatia si mimi. Nilimfuta uso, kwa kitambaa cha moto, pande zote mbili. Kisha nikatoka uani nikasimama chini ya mvua na nguo zangu zote, nikapiga teke ndoo ya viluwiluwi ikaenda mpaka ukutani.

Mei 2

Baba wa kujificha nyuma ya samaki, mwana wa kujificha ndani ya gari. Na mimi ndimi niliyeitwa mtoto mwenye moyo mgumu.

Mei 5

Kaka amekuja, bila mwavuli. Alivua viatu. Alikaa kwenye kiti nilichomwekea. Nikampa chai, nikampa kitambaa na beseni. "Anza na mkono. Huo mzima. Huo mwingine utauzoea."

Aliosha mkono wa baba akiwa amegeuza uso pembeni. Baba akamgonga kwa kijiko kwenye goti, kidogo. Kaka akageuka.

Mei 6

Kaja tena. Amemwaga beseni lote sakafuni. Nimefurahi kupita kiasi.

Mei 9

Nimempa kaka mafunzo ya umeme ukikatika. Chota, mwaga. Bega likamuuma haraka sana. Mheshimiwa akaomba kujua kama hakuna mashine ya kazi hiyo. Nikamwambia ipo, inaitwa mtu.

Mei 12

Vifaranga wawili wamekufa, sijui sababu. Baba kasema, "Huwa." Mvua imepungua.

Mei 15

Makubaliano, tumeyasema mbele ya baba na baba kaitikia kwa kichwa kila moja. Kaka na mke wake wanahamia hapa, chumba cha baba. Kamanda ataendelea. Mimi nitakuja mwisho wa juma, si kila juma. Kaka alipotaka kuanza hotuba ya shukrani nikamwonyesha mlango wa choo, kinahitaji kusuguliwa.

Si kwamba tumepatana. Jana tu tumegombana kuhusu mto, kwa sauti iliyomleta jirani. Ila sasa tunagombania ndani ya nyumba.

Mei 17

Nimeondoka leo. Begi lilikuwa tayari, kaka alikuwa nje akihangaika kuwasha gari anipeleke stendi. Nikaenda kumuaga baba. Nilisema nitapiga simu. Nilisema ale.

Akagonga kijiko mara moja. Nikasema, "Choo? Sasa hivi?" Akatikisa kichwa. Akasema, "Lif." Akapumzika. "Lifti. Ina... vipi?"

"Inavyofanya kazi?"

Akaitikia.

Jibu fupi lilikuwa limeshanifika mdomoni: inapanda, inashuka. Nina miaka arobaini. Muda wa kuniuliza ulikuwa mrefu, na kuna siku ningelipa chochote ili niulizwe. Nilisimama na begi begani, nimekasirika kabisa, na nikamwona anangoja. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Nikamwambia kwamba chumba cha lifti hakivutwi peke yake. Upande wa pili wa kamba kuna mzigo wa chuma, kimoja kikishuka kingine kinapanda, kwa hiyo mota haibebi watu, inabeba tofauti tu. Jicho lake likawaka. Fundi saa anaelewa mizani. Akafanya vidole viwili, kimoja juu, kimoja chini. Nikasema ndiyo, hivyo hivyo. Nikamwambia kuhusu breki zinazouma reli zenyewe mwendo ukizidi. Nikamwambia kuhusu kamba: ni za chuma, ziko nyingi sambamba, ingawa moja peke yake ingeweza kubeba kila mtu aliyemo.

"Kwa... nini... nyingi?"

"Kwa sababu watu wanaogopa, baba."

Alicheka, kwa ile nusu ya mdomo aliyobakiwa nayo. Mimi sikucheka. Kaka alikuwa anapiga honi. Nilimgeuza baba upande wa matangi, nikabadilisha mawazo, nikamgeuza upande wa mlango, nikaondoka kurudi kazini.